Orodha Niliyoiacha Wazi Siku ya Mazishi

Sehemu ya Sita

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, nakusimulia kwa ufupi yaliyopita ili unihukumu vizuri.

Mimi ni Cassien, mwalimu wa kompyuta hapa Kamembe, mzaliwa wa Bukavu. Mwaka ule wa 2009 vita vya ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimeshatangazwa kuisha mara tatu, na sisi tulikuwa bado tunawapokea waliovikimbia. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu nilikuwa na kompyuta tatu kuukuu nilizoziunganisha mwenyewe zikawa seva. Nilijivunia chumba kile kuliko nilivyojivunia ndoa yangu, na mke wangu Béata alilijua hilo.

Ndani ya seva nilihifadhi orodha ya chama cha Maman Mukandori. Wanawake mia moja na tisa waliotoroka kwa wapiganaji wa msituni, wakafichwa huku kwetu Nzahaha, Rwimbogo na Bweyeye, kila mmoja katika nyumba ya mtu mwema. Majina yao yalikuwamo, na vilima walivyofichwa, na nyumba zenyewe.

Kisha baba yangu akafa, tukakaa matanga siku nane. Wiki mbili baadaye mwanamke wa Rwimbogo akachukuliwa mchana kweupe, halafu na wa Nzahaha. Wote wawili walikuwa kwenye orodha yangu. Nikamshutumu Nshuti, kaka yake Béata, kwa sababu yeye ni fundi wa kompyuta na ndiye pekee aliyeijua seva ile. Nikamfukuza mbele ya majirani, nikimwita muuza watu.

Siku mbili baada ya kumfukuza, Nshuti alirudi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Béata ndiye aliyemfungulia. Nshuti hakunisalimia. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akavuta kiti changu, akakaa.

Nikamuuliza amekuja kufanya nini. Akasema amekuja kusoma jurnali.

Niwaeleze. Kila seva hujiandikia yenyewe kitabu: nani ameingia, saa ngapi, amefungua nini, ametoa nini. Hicho ndicho mafundi wanachokiita jurnali. Nshuti alikuwa ameniambia toka mwanzo niisome kila wiki. Mwaka mzima ulipita sijaifungua hata siku moja.

Alisoma kimya, akirudi nyuma siku baada ya siku. Mwishowe akasimamisha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Siku ya kuzika Mzee, saa nane na dakika hamsini ya muchana, ulikuwa wapi?"

"Makaburini. Tulikuwa wote."

"Na mimi?"

Nshuti alikuwa amebeba jeneza la baba yangu, mbele yangu kabisa, upande wa kushoto. Niliiona shingo yake njia nzima.

Akanigeuzia kioo. Saa nane na dakika hamsini, mtu alichomeka flashi. Saa tisa na dakika kumi akaichomoa. Katika dakika hizo ishirini orodha yote ilikuwa imenakiliwa, na jina la aliyeinakili liliandikwa wazi: Cassien, msimamizi mkuu.

Nikasema labda walivunja nywila yangu. Nilisema haraka, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika.

"Hakuna muntu alivunja kitu," Nshuti akasema. "Njo wewe ulimufungulia."

Nikakumbuka. Asubuhi ile nilikuwa nachapisha karatasi za misa, zenye picha ya baba yangu juu na nyimbo chini. Watu wakaniita, jeneza linatoka. Niliinuka nikachukua karatasi, nikaiacha mashine inawaka, jina langu limo ndani, kila kitu wazi.

Na mlango wa chumba? Mlango haukuwa na kufuli. Siku ya kwanza ya matanga shangazi zangu waliling'oa ili watandike mikeka humo, wanawake wapate pa kulala. Sikubisha. Kwetu nyumba yenye matanga haifungwi, si mlango wa nje wala wa ndani. Ukifunga umewaambia watu waende kwao. Wala humuulizi mtu ametoka wapi. Aliyekuja kulia amekuja kulia. Marehemu ana marafiki usiowajua, na ukimhoji mtu mlangoni ni kama umemwambia machozi yake ni ya uongo.

Tena jeneza likienda makaburini, lazima mtu mmoja abaki nyumbani na moto. Haufai kuachwa peke yake.

"Nani alibakia na moto?" Nshuti akauliza.

Béata ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni. Alisema ni Papa Valens.

Mnamkumbuka Papa Valens, nilimtaja katika sehemu ya wiki tatu zilizopita, na nilimtaja kwa sifa. Mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, aliyesema alifanya kazi na baba yangu katika mashamba ya kwinini huko Bukavu. Alichota maji, akapasua kuni, akaimba nyimbo zote za kanisa bila kitabu. Alilia kuliko wadogo zangu. Asubuhi ya mazishi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilimshika bega nikamwomba atubakilie na moto. Tuliporudi nilimshukuru kwa kuulinda.

Nilipenda kumchukia Nshuti. Ilikuwa rahisi. Sasa nililazimika kumtazama usoni, na nilishindwa.

Nilipokuwa naiunganisha seva ile, shemeji yangu huyu alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Ukiinuka, funga kioo, hata kama unaenda chooni tu. Usifanye kazi za kila siku kwa jina la msimamizi. Funga diski kwa ufunguo wa siri, hata mwizi akiibeba asisome kitu. Mashine yenye siri za watu isiwe hiyohiyo unayochapishia mialiko ya harusi. Na usihifadhi usichokihitaji. Nilicheka nikamwambia hiki ni chumba cha nyumbani, si banki. Karatasi yake niliikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Siku ile bado ilikuwa pale.

Nshuti hakuitazama. Aliniuliza kuna nini kingine ndani ya orodha.

Mimi nikaitazama karatasi ile.

"Cassien," Béata akasema.

Ikabidi niseme. Humo mlikuwa na maneno ya mlangoni.

Chama kilikuwa na desturi yake. Kila mwanamke aliyefichwa alichagua neno moja. Mjumbe wa chama akija kumhamisha, lazima alitaje neno hilo mlangoni, la sivyo mwanamke hatoki. Maneno hayo yalikuwa yakikaa kichwani mwa Maman Mukandori peke yake. Kisha akaugua malaria kali, akaanza kusahau mambo madogo madogo, nami nikamshauri tuyaandike kwenye orodha, kila neno mbele ya jina lake. Nshuti alinikataza, nikamwona mwoga. Nilipenda orodha iliyotimia, isiyo na nafasi tupu.

"Sasa banabisha hodi na neno lako," Nshuti akasema. Hakupandisha sauti.

Akaendelea kushuka kwenye orodha akitafuta anayefuata. Akafika Bweyeye. Védastine, nyumbani kwa mjane Mukamana. Kwenye nafasi ya maelezo nilikuwa nimeandika hivi: ana mtoto wa kike, Umwali, miaka sita, baba wa mtoto ni komanda.

"Juu ya nini uliandika hii?"

"Kulikuwa na nafasi."

Kweli, ndugu msomaji, hiyo ndiyo sababu. Fomu ilikuwa na nafasi.

Védastine nilimwandika mwenyewe, chumbani mle. Walimteka akiwa na miaka kumi na tano, akakaa msituni miaka saba, akatoka na mtoto mgongoni kwa kutembea siku kumi na moja. Yule komanda aliapa kwamba atamrudisha binti yake hata iweje. Védastine hakujua kusoma. Aliitazama mashine yangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama haisemaki. Nikacheka. Nikamwambia haisemi, maman, hii inanyamaza kuliko kaburi.

Tulimpigia Maman Mukandori, akakimbilia kwa wakuu wa wilaya. Bweyeye kwenyewe simu haikuwa inashika. Na hata askari wakifika, Védastine hatoki kwa mtu mwenye magwanda, aliyaona ya kutosha. Ilibidi aende mtu anayemjua sura.

Nshuti alikuwa na pikipiki. Nilianza kumwomba msamaha pale uani, nimetayarisha maneno mengi. Akaniambia nipande.

Mpaka njia panda ya Pindura tulikwenda vizuri. Baada ya hapo ni ile barabara ya msituni ambayo mvua ikinyesha hubaki jina tu. Tulianguka mara mbili. Mara ya tatu mnyororo ukakatika, Nshuti akautazama ndani ya tope, akaniambia nikimbie, yeye atakuja nyuma.

Nilikimbia nilipoweza, na nisipoweza nilitembea. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na kazi yangu ilikuwa ya kukaa. Nililia njiani bila haya, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia. Nilimwomba Mungu nimkute Védastine anapalilia, anitukane kwa kumsumbua.

Nilifika kwa Mukamana saa tisa alasiri. Nyumba ndogo ya udongo, benchi mlangoni, migomba nyuma, na nyuma ya migomba msitu wa Nyungwe wenyewe. Mjane alikuwa amesimama mbele ya mlango na jembe mkononi. Hakuwa akilima.

Nikalitaja neno la Védastine. Lilikuwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani aliowapenda utotoni.

Mukamana hakusogea.

"Wewe ni wa pili leo," akasema. "Ule wa asubui naye alisema sambaza. Mama ya mutoto akamufwata. Hakubishaka."

Nilikaa chini kwenye udongo, palepale. Neno nililoliandika kwa vidole vyangu ndilo lililomtoa Védastine nyumbani, kwa miguu yake, bila hata kupiga kelele.

Nikamuuliza na mtoto je.

"Mutoto ana neno yake. Mama yake alinipa mu sikio, akaniambia nisitoe mutoto kwa muntu asiyelijua, hata padiri. Ule wa asubui hakulijua. Na wewe?"

"Silijui, maman."

"Basi, haumuoni."

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilifurahi na kuaibika kwa pamoja. Katika mkasa huu wote, wenye diploma na wenye chama, ni mwanamke asiyejua kusoma peke yake aliyefanya kilichoandikwa kwenye karatasi chini ya meza yangu. Alitenganisha siri zake mbili, na moja hakumpa hata mwandishi.

Nilimsihi Mukamana amtoe mtoto aende naye popote, asiniambie wapi. Alinisikiliza. Akasema yule wa asubuhi aliahidi kurudi na mama mwenyewe ili alitaje neno kwa mdomo wake. Mukamana alikuwa anangoja amwone Védastine. Kama yu hai alitaka kumwona.

Hakungoja sana.

Walitokea njia ya chini, watu watatu. Védastine mbele, hana viatu, jicho moja limevimba. Nyuma yake kijana mrefu, mkono umo ndani ya koti. Wa mwisho Papa Valens, anatembea polepole kama siku zile alipokuwa akinichotea maji.

Aliponiona hakushtuka. Alikuja mpaka nilipo.

"Papa Cassien. Pole tena juu ya Mzee."

Akaninyooshea mkono. Nami, Mungu anisamehe, nikampa wangu. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, kwa kuwa mtu akikupa pole humwachi mkono hewani. Mpaka leo nikiukumbuka huo mkono nautamani uwe wa mtu mwingine.

Valens akamgeukia Védastine, akamwambia alitaje neno la mtoto.

Védastine hakunitazama. Alimtazama Mukamana tu, kwa lile jicho moja lililobaki wazi.

"Mahindi," akasema.

Mukamana alishusha pumzi ndefu.

"Njo hilo," akasema. "Mungoje nimuvalishe, kuko baridi."

Akaegemeza jembe ukutani, akaja kuingia ndani. Alipopita karibu nami, midomo yake ilitikisika kidogo sana, na mimi peke yangu nikasikia.

"Si hilo."

Mlango ukafungwa nyuma yake.

Nikaelewa. Védastine alikuwa amemwambia mwenzake asimtoe mtoto, mbele ya watekaji wake, kwa neno moja la uongo. Nyumba ile ilikuwa na mlango wa pili, unaoelekea migombani. Mjane wa miaka sitini na mtoto wa miaka sita walihitaji muda gani kuvuka migomba na kuingia msituni? Robo saa. Labda zaidi, kama mvua ya jana ilikuwa imelainisha mteremko.

Valens akakaa kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja ili nikae naye. Nikakaa.

Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumweka pale akizungumza. Nikamuuliza habari za mashamba ya kwinini. Nikamuuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani ujanani. Akajibu mawili matatu ya jumla jumla, kisha akachoka kuigiza.

"Ulimjua kweli baba yangu?" nikamuuliza.

"Hapana. Niliona sura yake ku karatasi ya misa." Akafikiri kidogo. "Lakini nililia vizuri. Hata mama zako bakubwa banakumbuka."

Nikasema ndiyo, wanakumbuka. Nikamuuliza alijuaje kwamba kuna orodha. Akasema mimi mwenyewe nilikuwa nikiisifu seva yangu kwenye kila kilabu ya Kamembe, kwamba hata chama cha akina mama kimeniamini. Ilikuwa kweli. Nilipenda kusema vile, baada ya chupa ya pili.

Nikauliza tena, na tena. Nilimuuliza hata kama ana watoto. Kila jibu nililihesabu kama hatua za Mukamana migombani.

Kisha Valens akageuza sikio upande wa mlango. Ndani hapakuwa na sauti yoyote.

"Anakawia," akasema. Akainua kidevu, yule kijana akamshika Védastine mkono na kumsogeza ukutani. "Papa Cassien, ingia umulete mutoto. Ukitoka peke yako, uyu mama hatatembea tena."

Nikainuka. Hapo ndipo Védastine aliponitazama, mara ya kwanza siku ile. Nilingoja anitukane. Nilistahili. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni.

"Ingia, Papa. Ingia polepole."

Nikaingia, nikausindika mlango nyuma yangu. Chungu kilikuwa jikoni, mafiga bado yana moto. Mlango wa migombani ulikuwa umerudishwa taratibu, bila kufungwa. Hapakuwa na mtu. Nikagusa mkeka wa mtoto kwenye kona, ulikuwa umepoa kabisa.

Nilikaa juu ya mkeka ule, kila dakika ikawa hatua nyingine ya Mukamana msituni. Nje, Valens aliniita kwa jina langu, akangoja, akaniita tena.